Stika Nyuma ya Sikio

Sikio la kushoto la mzee Kuroiwa liliwahi kuwa mali ya serikali ya mkoa. Najua kwa sababu aliyelibandika stika ya namba ni mimi, kwa mikono yangu, naye ameinama kwenye kiti changu akilalamika kwamba gundi inawasha.

Kituo chetu cha mazingira hapa Minobe huandika, kila kiangazi, siku ambayo nyenje wa kwanza amesikika kwenye miti ya nyuma ya ofisi. Kwa miaka thelathini na minane kazi hiyo ilikuwa ya mtu mmoja, mzee Kuroiwa, anayekaa kwenye benchi akitega sikio. Kanuni inasema anayesikia ni mwangalizi aliyeteuliwa, basi. Mwaka jana nyenje walipiga kelele mpaka tukafunga madirisha ili tuweze kuongea na simu, na bado daftari likaandikwa "hawakusikika", kwa sababu mzee Kuroiwa hakusema amesikia. Gazeti likaja kutuuliza nyenje wameenda wapi. Mkuu wetu, Bwana Shiraki, akawajibu nje pale chini ya miti, kwa kupayuka maana vinginevyo wasingemsikia, kwamba suala hilo linachunguzwa.

Desemba ikaja amri: data zote za kisayansi za mkoa zifunguliwe kwa wananchi kabla ya tarehe thelathini na moja Machi, na kila data iambatane na fomu ya maelezo yake, vipengele arobaini na kimoja. Data isiyo na fomu kamili inafutwa. Siku hiyohiyo ya mwisho ndiyo mzee Kuroiwa anastaafu. Yaani fomu ikikwama, miaka yake thelathini na minane haibaki hata mstari mmoja. Kazi ya kuijaza nikapewa mimi.

Kipengele cha kumi na saba: chombo kilichotumika kupimia. Nikaandika "sikio". Kompyuta ikagoma: chombo hakimo kwenye orodha ya mali. Nikapiga simu idara ya mali, makao makuu ya mkoa, akapokea Bi Ogata, mwanamke mwenye adabu ya kukera.

"Kisajilini tu, dada," akasema. "Mtengenezaji nani?"

"Mama yake."

"Naandika 'binafsi'. Stika naituma kwa posta. Iwekwe mahali panapoonekana, bila kuzuia matumizi ya chombo."

Tukaiweka nyuma ya sikio. Ikaganda vizuri, ila ikabidi mzee awe anaoga na mfuko wa plastiki kichwani.

Wiki mbili kabla ya mwisho, Bi Ogata akanipigia mwenyewe. "Mtumishi anayestaafu anarudisha mali ya serikali. Mzee Kuroiwa atalileta lini?"

"Dada, ni sikio."

"Naelewa. Au ni bovu? Likiwa bovu tunalifuta kwenye orodha, anabaki nalo. Nitumieni cheti cha fundi."

Fundi! Nikampeleka mzee kwa daktari wa masikio karibu na stesheni. Njia nzima nilikuwa nacheka peke yangu. Daktari akamvika vifaa, akabonyeza vitufe, akatoa karatasi. Niliisoma nje kwenye baridi, mara mbili. Sauti nyembamba hazisikii kabisa, na hali hiyo, daktari ameandika, ni ya miaka kumi hivi.

Nikachemka. "Mzee, nyenje unawasikia?"

"Siwasikii."

"Tangu lini?"

"Miaka tisa, kumi hivi."

"Sasa hizo tarehe ulikuwa unazitoa wapi? Ndotoni? Nimekubandika namba kama friji, kumbe umetuandikia uongo miaka yote hiyo!"

Akavua miwani, akaifuta kwa skafu. "Si uongo, dada Nagase. Sayo alikuwa anasikia."

Sayo ni mkewe. Sote tulimjua: kila kiangazi alileta chakula cha mchana, matonge ya wali yaliyofungwa kwa mwani, akakaa na mumewe benchini mpaka jua linazama. Tulikuwa tunawaonea wivu. Kumbe mwenzetu alikuwa kazini. Nyenje akilia tu, anamgonga mumewe gotini, mara mbili, na mzee anafungua daftari.

"Na mwaka jana?" nikauliza, halafu nikatamani nijing'ate ulimi. Sayo alifariki Februari ya mwaka jana.

"Mwaka jana nilikaa," akasema. "Nilikaa mpaka Septemba. Hakuna aliyenigonga."

Nilirudi ofisini, nikamtumia Bi Ogata karatasi ya daktari ili sikio lifutwe kwenye orodha, nina hasira na kila mtu, nikianza na mimi mwenyewe. Kipengele cha ishirini na tatu kinauliza chombo kilibadilishwa lini, na kwa kipi. Bwana Shiraki aliniomba nikiruke. Tukikiri, alisema, wataitilia shaka data yote. Mzee Kuroiwa ndiye aliyenisogeza pembeni akaandika mwenyewe: "Sikio la Kuroiwa Sayo." Kompyuta ikagoma. Chombo hakimo kwenye orodha.

Nikapiga simu tena, nikaiweka kwenye spika.

"Kiko wapi kwa sasa?" Bi Ogata akauliza.

"Makaburini, hekalu la Jorinji," mzee akajibu. "Safu ya nne."

Tukasikia karatasi ikigeuzwa. "Na hali yake? Niandike kibovu?"

"Hapana!" Watu wote ofisini wakainua vichwa. "Kilikuwa kizima. Kizima mpaka siku ya mwisho. Usithubutu kuandika kibovu."

"Naandika 'kizima', mzee," akasema Bi Ogata taratibu. "Stika naituma leo."

Kipengele cha thelathini na moja kikataka sababu ya mwaka jana kukosa tarehe: mvua, uzembe, au chombo hakikuwepo. Mzee akachagua ya tatu. Kompyuta ikakubali, na tarehe thelathini Machi, saa kumi jioni, data ikafunguliwa kwa wananchi. Mpaka leo imepakuliwa mara moja, na aliyepakua ni mimi.

Kesho yake, siku ya mwisho ya mzee kazini, nilimsindikiza hekaluni akiwa na stika ya Sayo mfukoni. Alilifuta jiwe la kaburi kwa kitambaa, akalizunguka mara mbili, tatu, akitafuta mahali panapoonekana bila kuzuia matumizi ya chombo. Mwishowe akaibandika ubavuni, upande wa kushoto, akaikandamiza kwa kidole gumba. Halafu akaligonga jiwe, mara mbili.