Taa ya Buluu Nyumbani kwa Mwalimu Jamila

Wageni wa mashirika ya misaada walipoondoka Goma mbio mbio, waliondoka na magari, na majenereta, hata na viti vya plastiki. Twahiru, aliyemwendesha mmoja wao miaka sita bila kuongezewa hata siku ya mapumziko, aliachiwa sanduku la kioo lenye maji ya chumvi na taa yake, magunia mawili ya chumvi yenyewe, karatasi ya maelezo kwa Kifaransa, na kiumbe laini kilichoota juu ya jiwe, rangi ya chai ya maziwa, chenye vidole vingi vilivyokuwa vikifumba na kufumbua siku nzima. Kioo kilifika kwake Majengo kizima. Taa haikufika. Barabara ya mtaani ni yale yale mawe ya volkano tunayoahidiwa tangu mwaka elfu mbili na mbili kwamba yatafunikwa, na kila anayeahidi hupita juu yake ndani ya gari refu, asisikie kitu. Taa ilisikia.

"Muzee, hii kitu inakula nini?" akauliza mke wake, Jamila.

"Mwangaza. Bila taa inakufa."

"Basi leta taa upesi, maana umeiweka fasi ya wanafunzi wangu."

Wanafunzi wake walikuwa wanawake ishirini na wawili, waliokuja kila alasiri kusoma dini sebuleni kwake. Chuo chake cha kwanza kilizikwa na lava, mwaka ule ule elfu mbili na mbili. Akaanza tena chini ya hema na wanawake watatu na ubao mmoja. Hakuna aliyemsaidia, naye hajasahau hata jina moja la waliopita bila kumtazama.

Twahiru akaleta kamba ya taa za buluu, kama karatasi ilivyotaka. Vidole vikafunguka. Sebule nzima ikageuka buluu, hadi dirishani, hadi barabarani.

Na hapo ndipo kosa lilipo. Majengo kila mtu anajua: taa nyeupe ni duka, ya manjano ni nyumba ya watu, ya buluu ni nganda, watu wanakunywa bia. Siku ya tatu mvua ilinyesha, giza likatanda alasiri, na dereva mmoja wa pikipiki, jina lake Cédrick, akaingia katikati ya somo akichuruzika maji, akajipangusa uso na kusema kwa furaha:

"Mama patronne, bière iko ya baridi?"

Vichwa ishirini na viwili vyenye ushungi vikamgeukia.

"Ao... basi brochette tu, mushikaki moja," akasema Cédrick kwa sauti ndogo.

Wanawake walicheka mpaka wakashikana mabega. Waume zao, waliposimuliwa, hawakucheka. Yusufu, mume wa Mama Asma, mwuza vitenge ambaye babu zake walitoka Kasongo, mji wa Waislamu wa kwanza, naye bado anasimulia kana kwamba walifika juzi, alitangaza kwamba mke wake hasomi katika nganda. Wengine wakamfuata. Wanaume hao hao, walipoombwa mchango wa mabati ya chuo, wote walikuwa na mafua. Kufika Ijumaa, wanafunzi walibaki tisa.

"Tufunge pazia," Twahiru akashauri.

"Tukifunga pazia watasema sasa tunakunywa kwa siri. Toa hiyo taa."

Kamba ikabadilishwa dukani kwa taa nyeupe, kali kama ya mlinzi wa benki. Wanawake wakarudi wote. Lakini siku ya pili vidole vilijikunja, na siku ya tano rangi ilikuwa imetoka kabisa. Jamila akapita na ubao wake, hakutazama.

Jumanne, Mama Asma akanyoosha mkono. "Mwalimu, hii neno marijani ya mu Kurani tunaikariri tangu mwaka jana. Njo kitu gani?"

"Ni kitu cha thamani. Kiko baharini."

"Kinafanana na nini?"

Miaka ishirini Jamila alikuwa akilijibu swali la kwanza. La pili hakuna aliyewahi kumwuliza. Akaanza kuchora ubaoni, akafuta.

Twahiru alikuwa pembeni, akimimina maji sandukuni. "Si ile hapa," akasema. "Nilienda Mombasa na lori miaka kumi na moja. Marijani, matumbawe, yote ni ukoo moja."

Wanawake wakanyanyuka, wakasongamana mbele ya kioo.

"Hii?" Mama Asma akakunja pua. "Mbona iko kama muhogo wa kuchemsha?"

"Inakufa, mama. Mwanga mweupe umeiunguza."

Jamila aliona haya, kisha haya yakageuka hasira, ambayo kwake ndiyo nguvu. Neno alilolifundisha maisha yake yote limekuja lenyewe mpaka sebuleni, naye amelichoma ili wanaume wanyamaze!

Kesho yake asubuhi alikuwa sokoni, mbele ya meza ya Bulonza, mwuza taa.

"Mama, unataka ya salon, ya chambre, ao ya nganda?"

"Nataka ya bahari."

Bulonza akatoa kubwa kuliko zote. "Hii hapa! Watt mia! Itamulika mpaka kule mbali Rumangabo."

"Sitafuti mwizi, mwanangu. Nataka buluu, na nguvu iwe ndani ya buluu." Akakunjua karatasi, akaweka kidole. "Soma hapa. *Quatre cent cinquante*, mia nne hamsini, ndiyo namba ya buluu yake. Nyeupe kidogo tu, ya kuonea. Na iwake kwa betri, maana huu umeme wetu unakuja kama mgeni asiyependa kukaa."

Bulonza akampa moja ya buluu. Jamila akaikwaruza kwa ukucha. Rangi ikabanduka.

"Hii nyeupe imevaa kanzu."

"Aah, mama! Wewe ni ingénieur?"

"Mimi ni mwalimu. Watu wa kujipaka rangi nawajua."

Bulonza akacheka, akainama chini ya meza, akatoka na taa ndefu yenye safu mbili za buluu na moja nyeupe, na zile namba zimeandikwa mgongoni.

Twahiru akaitundika juu ya maji, dhiraa moja na nusu. Siku za kwanza waliiwasha kwa muda wa saa tatu tu, wakiongeza pole pole, kama mtu anayelishwa uji baada ya homa. Jamila akafungua dirisha na mlango, wazi kabisa. Anayetaka kuona nganda na aione. Wanafunzi wakashuka, kumi, tisa, saba. Vidole vilibaki vimejikunja. Jamila akafundisha hao saba kwa sauti ya kutosha ishirini na wawili.

Jumamosi ya pili Mama Asma, aliyekuwa akija kwa kutoroka, alikuwa amekaa mbele kabisa. Yusufu akafika mlangoni, kofia mkononi, uso umevimba kwa hasira.

"Mama Asma! Twende nyumbani. Sasa hivi!"

Wote saba walikuwa wamepiga magoti mbele ya kioo, pamoja na mwalimu. Kidole kimoja kilikuwa kimenyooka. Kikafumba. Kikafumbua. Kikafuata cha pili, halafu kundi zima la upande wa kulia, vinang'aa, vinachota maji kama mikono ya watoto. Mmoja akapiga kigelegele. Jamila alikuwa analia na kucheka, hata ushungi ulimteleza begani asijue.

"Ni nini?" Yusufu akauliza, sauti imemshuka.

"Marijani, Papa Asma," akasema Jamila. "Vua viatu."

Akavivua. Akaja kwa vidole vya miguu, akachuchumaa nyuma ya mke wake, uso wake mkubwa wote buluu.

"Subhanallah. Inatuita?"

"Nyamaza," mke wake akamwambia bila kugeuka, akamsogezea nafasi kwenye mkeka. "Vile vya kushoto havijaamka bado."