Mdoriani Ulioniombea

Usiku wa jana niliota nimepandwa katika bustani yangu mwenyewe, udongo umenifika magotini, na miti yangu imenizunguka ikinikagua kama wateja wanaomkagua samaki aliyelala.

Sikushangaa. Ni miti yenye majivuno. Mmangostini umekunywa maji yangu miaka sita, na mdoriani, gogo lile, miaka kumi na moja haujatoa hata ua. Jioni ya jana niliutisha kama wafanyavyo wazee wa kwetu: mimi nimeshika panga nasema naukata, mke wangu Raya anauombea msamaha. Kisha Raya akaufunga kitambaa chekundu shinani, alama kwamba umepewa mwaka mmoja. Nilicheka. Nilishaamua kuukata asubuhi.

Sasa, ndotoni, panga limeshikwa na mshokishoki.

"Ana miaka hamsini na tatu," unasema. "Ametoa nini?"

"Maneno," unajibu mmangostini.

"Nimewapa mbolea," nasema.

"Tunauliza matunda," unasema mshokishoki. "Jirani yako Bi Kije, mgonjwa kitandani, aliomba shokishoki mbili. Ulimwambiaje?"

"Hazijaiva."

Shokishoki nyekundu zinaanza kunidondokea kichwani, moja moja, bila haraka. Zimeiva sana.

Mara tuko kwa kinyozi. Mmangostini unanipogoa ndevu, unaziita matawi yasiyo na faida. Raya yuko mlangoni. Nafungua mdomo nimwite aniombee, mti unatandaza futi kamba sakafuni.

"Mita nane kati ya mche na mche," unasema. "Ulisoma mwenyewe kwenye karatasi ya miche."

Raya anarudishwa nyuma mita nane, uani kabisa. Midomo yake inacheza, simsikii.

Panga linagusa muundi wangu. Ni la baridi.

"Namkata," unasema mshokishoki. "Nani anamwombea?"

Mstafeli, niliourithi kwa mama, unatazama pembeni. Naona aibu, kisha naogopa kweli.

"Najiombea mwenyewe," nasema.

"Anayekatwa hajiombei. Hata hilo hulijui?"

Panga linainuka. Ndipo gogo lile linakohoa.

"Mwacheni," unasema mdoriani. "Mwakani atatoa."

"Huyu? Unamdhamini huyu?"

"Hana maana yoyote, namjua miaka kumi na moja. Lakini mpeni mwaka."

Nikaamka. Kumekucha, na Raya amesimama miguuni pa kitanda, ameshika kiuno.

"Hee, bwana! Nani kakufunga kitambaa cha mti?"

Kilikuwa kwenye kifundo changu cha mguu, kitambaa kile kile chekundu, mafundo mawili, kina udongo. Nilichungulia dirishani. Shina la mdoriani lilikuwa tupu.

Panga nililoliweka tayari kwa mdoriani nililirudisha uvunguni. Nikachukua kikapu cha kumchumia Bi Kije, nikafika mlangoni, nikageuka kumuuliza Raya leo tarehe ngapi.