Risiva ya Cheptanui

Kibodi ilikuwa ya kijivu, na herufi A na N zilikuwa zimefutika kwa kupigwa sana. Nderitu aliizungushia sweta, akaitia ndani ya mfuko wa unga, na kila Jumatatu na Alhamisi alitoka nayo kwenye mahema ya wakimbizi katika uwanja wa maonyesho, akaenda mjini Nakuru hadi dukani kwa Kirit. Kirit ndiye aliyemuuzia, katikati ya mwaka uliopita, wakati Nderitu na mkewe Cheptanui walipokuwa na ofisi ya kupiga chapa pale Molo.

Ilikuwa kibodi isiyo na waya. Ofisini kwao kompyuta ilikaa nyuma ya wavu wa chuma kwa kuogopa wezi, na huko nyuma kulikuwa na giza. Ukungu wa Molo ukishuka, hata saa sita mchana huioni karatasi. Ndipo Kirit akawauzia kibodi hiyo na risiva yake, kidude cha ukubwa wa kiberiti kinachochomekwa kwenye kompyuta. Risiva hupokea kwa redio kila herufi inayopigwa, mradi mtu asiwe mbali zaidi ya hatua tano au sita. Nderitu akahamia dirishani penye mwanga, kibodi mapajani, na maneno yakawa yanatokea ng'ambo ya wavu kana kwamba kuna mtu mwingine anayeyaandika. Wateja wengine waliingia kutazama tu.

Lakini Nderitu hakujua kuacha kazi. Alikuwa akila chakula cha jioni, kisha anarudi ofisini akisema amesahau kitu. Cheptanui hakugombana naye. Siku moja wakati wa kufunga alichomoa risiva, akaifunga kwenye pembe ya leso yake.

"Kazi imefungwa," akasema. "Wewe beba kibodi yako ukailaze."

Tangu hapo ikawa desturi yao. Jioni mume alibeba kibodi, mke akabeba risiva. Asubuhi Nderitu alitangulia, akakaa dirishani na kibodi iliyolala, akimngoja Cheptanui amalize kukamua ng'ombe. Alipofika na kuifungua leso, siku ilianza.

Jumamosi, siku mbili baada ya uchaguzi, walifunga mapema, kwa maana matokeo yalikuwa yamechelewa na watu wamesimama barabarani vikundi vikundi. Jumapili asubuhi Cheptanui akaenda kwao, upande wa Kuresoi, kumwona mama yake aliyekuwa mgonjwa. Leso alikwenda nayo. Jioni hiyo matokeo yakatangazwa, na kabla ya Jumatatu kwisha watu wa kabila la Nderitu walikuwa wakifukuzwa Molo, ofisi ilikuwa majivu, na nyumba yao pia. Nderitu alikimbia na kitu kilichokuwa karibu na mkono. Ndani ya lori la polisi watu walikuwa wamekumbatia magodoro, kuku, picha za harusi. Mama mmoja aliitazama ile kibodi akamuuliza kama inachemshwa au inakaangwa, na watu wakacheka kidogo.

Mwezi wa Januari Cheptanui alimpigia simu mara mbili. Mara ya kwanza alilia tu. Mara ya pili alimwambia asijaribu kwenda huko, na kwamba yeye naye hawezi kuja kwa sasa, angoje. Nderitu alimuuliza kama risiva bado anayo. Akajibu kwamba anayo. Baada ya siku hiyo simu yake haikupatikana tena.

Nderitu akangoja. Kirit alimpa meza dukani awachapie watu wa mahemani: barua za vitambulisho vilivyopotea, za vyeti vilivyoungua, orodha za mali. Alitumia kibodi ya waya ya duka, yake akaiweka chini ya meza karibu na miguu. Betri zake alizitoa, akazifunga kwenye karatasi, ili siku Cheptanui atakapokuja zisiwe zimeisha.

"Hata mimi sitembei na bibi yangu hivyo," Kirit alimtania siku moja, kisha akaona amekosea, akaanza kupanga sanduku ambalo tayari lilikuwa limepangwa.

Alhamisi moja Kirit alipata risiva nyingine ya aina ileile. Akaichomeka, akatia betri kwenye kibodi, akamwambia Nderitu abonyeze herufi yoyote. Taa haikuwaka. Wakarudia mara nne. Kirit alisema kwamba kibodi za namna hii hutoka kiwandani kila moja imefundishwa risiva yake, nyingine haiitikii. Alisema hivyo kwa kuomba radhi. Nderitu aliinama kuirudisha kibodi ndani ya sweta ili Kirit asiuone uso wake, kwa sababu alikuwa amefurahi.

Machi ilipofika, viongozi wakiwa wamekwisha kupatana, malori ya viazi yalianza kuteremka tena. Asubuhi moja dereva mmoja aliingia dukani akasimama karibu na mlango, kofia mkononi, macho yakirudi barabarani kila mara. Aliitwa Kiprugut, jirani wa kina Cheptanui.

"Nderitu wa kutaipu ni nani?"

Nderitu alisimama. Kiprugut akaweka leso mezani, imefungwa pembe moja. Nderitu alilifungua fundo taratibu. Risiva ilikuwemo. Akaigeuza leso upande huu na upande huu akitafuta karatasi. Haikuwepo.

"Amesema nini?"

"Amesema ufungue kazi."

"Na yeye?"

Kiprugut aliitazama kofia yake, kisha akaeleza kwa sauti ya chini. Kipngetich, kitindamimba wa kina Cheptanui, alikuwa amepata kibarua Olkaria. Mwishoni mwa Januari alikuwa akirudi nyumbani, gari likasimamishwa njiani na vijana wa kabila la Nderitu, abiria wakaulizwa majina mmoja mmoja. Walikuwa wamemzika. Mzee wao hataki jina la Nderitu litajwe pale bomani, na Cheptanui hakubishana naye.

"Barua ya kuomba hiyo kazi niliichapa mimi," Nderitu alisema.

"Wanajua, boss."

Kiprugut akavaa kofia akatoka.

Kirit alikuwa nyuma na mteja, hakusikia kitu. Aliporudi akaiona risiva mezani, alifurahi kweli. Akaichomeka mwenyewe, akazitoa betri kwenye karatasi, akazitia. Taa ya kijani ikawaka mara moja.

"Unaona? Haijasahau."

Mzee Kahiga wa mahemani alikuwa kwenye benchi akingoja kuandikiwa orodha ya mali yake. Nderitu aliweka kibodi mapajani, akamuuliza cha kwanza.

"Ng'ombe wawili," mzee akasema. "Mmoja alikuwa na mimba."

Nderitu akachapa. Herufi zote zilitokea, hata zile zilizofutika, na hakuna hata moja iliyopotea. Akauliza cha pili. Mzee akasema kitanda. Akauliza cha tatu. Walikwenda hivyo hadi ukurasa ukajaa, na baada ya mzee akaja mwingine, na mwingine.

Wakati wa kufunga Kirit alimwambia asiiache risiva kwenye mashine, itaibwa. Nderitu aliichomoa. Alisimama nayo kiganjani, kibodi imebanwa kwapani, akiutazama mlango kwa muda ambao Kirit aliuona mrefu. Kisha akavitia vyote viwili ndani ya mfuko mmoja, akaweka leso juu. Betri hakuzitoa.