Kugonga Mara Tatu

Treni ndiyo iliyomfumbua macho Loretta. Zamani ilipita nyuma ya mgahawa wake hapo mjini Wichita ikiwa imebeba miili ya ndege za abiria, mirefu, ya kijani, isiyo na mbawa, na vikombe vyote vikatetemeka rafuni. Tangu kiwanda cha ndege cha ng'ambo ya barabara kipunguze watu, treni ilipita nyepesi, na vikombe vikakaa tuli.

Asubuhi ile ukungu ulifunika maegesho. Loretta, nusu macho nusu ndotoni, aliwaona watu wa zamu wakivuka barabara na visanduku vyao vya chakula, akawavunjia mayai wote. Ukungu ulipoondoka hapakuwa na mtu, na mayai yalikuwa yanaungua.

Kinyozi wa jirani alishafunga. Duka la matairi nalo. Hao hawajashika hata parafujo ya ndege maishani mwao, lakini nao walipigwa kalamu kimyakimya.

Akaingia Harlan, mpiga ribiti, zile pini za kuunganisha mabati ya ndege, aliyeachishwa kazi, akakaa palepale pake.

"Unanuka moshi, Loretta. Unachoma mgahawa ulipwe bima?"

"Ningeuchoma na wewe ndani. Kaa kimya unywe."

Alipommiminia kahawa, Harlan aligonga kaunta kwa kidole, mara moja, apate zaidi. Ndivyo walivyoagiza wote hapo, kwa lugha waliyotoka nayo kiwandani. Harlan alipiga ribiti akiwa nje ya ndege, na Ofelia, mwenzake, alikaa ndani akizuia ncha ya ribiti kwa chuma upande wa pili. Hawakuonana, na kelele ilimeza maneno, basi Ofelia aligonga bati. Mara moja: bado, ongeza. Mbili: imekaa. Tatu: imeharibika, ing'oe.

"Ofelia yuko wapi siku hizi?"

"Kahamia Arizona kwa bintiye. Anauza maua. Ofelia na maua, hebu fikiria!"

Wakacheka, kisha kicheko kikawaishia.

"Harlan, nifunge?"

Swali hilo alikuwa amelikwepa tangu majira ya baridi.

"Usiniulize mimi, dada. Mimi siku zote nilikuwa wa nje. Aliye ndani ndiye anayeona."

Loretta akavitazama viti vitupu. Akagonga kaunta, mara moja, mara mbili. Kidole kikabaki hewani. Moyo ulimuuma kwelikweli, maana kaunta ile aliisugua tangu enzi za mama yake. Akagonga ya tatu.

Harlan akavua kofia. Baadaye akasogeza kikombe, akagonga mara moja, Loretta akamimina. Akanywa, akagonga moja tena. Nje treni ilipita taratibu, ndefu na tupu, wala hakuna aliyegeuka kuitazama. Birika likaisha. Harlan akagonga tena, mara moja, na Loretta akaliinamisha lile birika tupu juu ya kikombe, akasubiri, kana kwamba bado limejaa.