Mbwa Mwenye Masikio Mekundu

Dharau gani hii! Mbwa umtupe mwenyewe thelujini angali mtoto, ngozi imejaa alama za mjeledi. Mwenzio amwokote, amnyweshe maziwa ya kondoo kwa kijiko, amfundishe kuchunga mpaka mlima mzima umsifu. Halafu siku ya ukungu uje na kamba umchukue, useme ni wako? Ndivyo Mkuu wa Wawindaji wa Annwn alivyomfanyia Tangwen, na mtoto mwenyewe hajafika hata miaka kumi na moja.

Annwn ni ule ufalme ulio chini ya milima, na mbwa wake wote ni weupe wenye masikio mekundu. Pero, mbwa wa Tangwen, naye ni hivyo hivyo. Bibi yake Tangwen alimsihi aache, watu wa chini si wa kugombana nao. Tangwen akavaa kofia, akafuata nyayo hadi nyuma ya maporomoko ya maji, akapenya kwenye ufa ambao jana haukuwepo, akatokea uani kwa mfalme. Hata salamu hakutoa, kwa hasira.

"Nimemfuata mbwa wangu," akasema.

Mkuu wa Wawindaji alicheka, akamwuliza kama huko juu watu ni vipofu, hawaoni rangi ya masikio. Tangwen akamjibu kwamba kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Tena kwao, kondoo akigombewa siku ya kukusanya mifugo, huachiwa katikati, kila mmoja akamwita, na anayemwendea ndiye mwenyewe. Mfalme alisema hiyo ni haki, Pero afunguliwe.

Mkuu akapuliza pembe. Lo, hata mawe yalitetemeka! Kundi zima la mbwa likalala chini papo hapo, isipokuwa jike mmoja mzee pale nyuma, aliyewatazama wenzake kwanza ndipo akalala. Pero alibaki wima, anaangaza macho huku na huku.

"Mkaidi yule yule," Mkuu akasema, akainua mjeledi.

Tangwen akavua kofia, akaipunga. Pero akaja mbio, akaketi miguuni pake.

"Si mkaidi, ni kiziwi," Tangwen akasema. "Mimi nilijua siku ya pili tu. Wewe ulimpiga tangu azaliwe, na hukuwahi kumtazama hata usoni?"

Mkuu akainamia viatu vyake. Mfalme akanyoosha mkono, akautaka ule mjeledi, akapewa. Kisha akamwambia Tangwen amchukue mbwa wake, aende kwa amani.

Tangwen hakuondoka. Alikuwa anamtazama yule jike mzee, mgongo wake mzima makovu, kama ya Pero. Akaipunga kofia tena. Jike akainuka polepole, akapita katikati ya wenzake, akaja kusimama ubavuni mwa Pero.

Mfalme akafungua mdomo.

"Na huyu," Tangwen akasema, wala hakuwa anaomba.