Kura ya Kulifuta Neno "Rudi"

Saa nne asubuhi Fundi alikuwa anakata vitunguu, kompyuta iko mezani ubavuni mwa sufuria, na mama yake, aliyefariki miaka kumi na mmoja nyuma, amekaa kiti cha dirishani akimkosoa anavyoshika kisu.

Lugha yake ya kuandikia programu za kompyuta Fundi aliianzishia kwenye meza hiyo hiyo, wiki ya msiba. Amri ya kuipeleka programu ilikotoka aliiita "rudi", maana ndivyo mama alivyowaita wanawe kutoka mchezoni. Akaigawa bure. Popote mtu alipoitumia, mama alirudi kidogo. Watumiaji walipofika maelfu, akawa haondoki. Majirani walimletea umbea. Naye aliwapa wa huko aliko, majina akiyaficha.

Siku hiyo Baraza la Watunzaji wa lugha hiyo lilikuwa linapiga kura kulifuta neno. Likifutwa, mama hana njia. Wajumbe tisa, wote wa kujitolea, ila sita walijitolea kwa mshahara wa kampuni moja. Kampuni ilitaka "rejesha". "Rudi", ilisema, ni la mitaani.

"Lugha ni ya wote, Fundi," alisema Mwenyekiti kwenye skrini. "Si ya mama yako."

"Muulize huyo," mama akasema, "ameshakula?"

Mwenyekiti akamwamkia kwa adabu, akajibu kwamba ameshakula.

"Nilijua."

Zilihitajika kura sita. Tano zikapita kama maji. Wa sita, ambaye Fundi ndiye aliyemfundisha lugha yenyewe, alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaifuta tena. Kisu kikasimama juu ya kitunguu. Mjumbe akainua mkono akitazama pembeni.

Toleo jipya lilipoenea, mama akaanza kupungua. Ilianza miguu. Ijumaa alibaki sauti na mkono wa kushoto, Jumapili kiti kitupu. Majirani walikuja na umbea wao, wakarudi nao.

Jumanne mama alikuwepo, mzima, amekasirika. Zahanati ya jirani ilikuwa na mashine kuukuu ya kutoa namba za foleni, bado ikitumia "rudi", ambayo hakuna aliyekumbuka kuibadilisha. Iliwashwa Jumanne tu, siku ya kliniki ya macho, mpaka saa sita.

Mama akauliza habari za Baraza.

"Ni wale wale, mama. Ila sasa waliokula wako saba."

Mama akatazama saa ya ukutani, akanyoosha mkono.

"Lete hicho kisu, unaharibu vitunguu."