Wavu wa Lynnet

Tuktuk iliingia hadi ukingoni mwa mchanga, mahali ambapo tuktuk haziingii, na dereva akaanza kufungua kamba za kiti cha magurudumu kilichokuwa juu ya paa. Akina mama waliokuwa wakigeuza omena, dagaa wa ziwani, kwenye nyavu za kuanikia wakainua vichwa. Mgeni aliyeshushwa kwenye kiti hicho aliwasalimia kwa Kiswahili kilichonyooka, akasema anaitwa Gisiri, ametoka Musoma ng'ambo ya mpaka, amelala Migori, na anamtafuta Bi Awino wa meza namba moja.

"Huyu anaongea kama taarifa ya habari," mmoja akanong'ona, wakacheka.

Awino hakucheka. Alikuwa amesimama kwa magongo yake kati ya nyavu mbili, wake na wa rafiki yake Lynnet. Alfajiri Lynnet alikuwa amepita kwake akielekea Homa Bay kwenye mkutano wa makatibu wa masoko. "Nyamera," alimwambia, yaani dada yangu, "mvua ikikuja, utanianulia?" Naye akajibu, "Nitaanua." Pale ufukweni Sindo neno hilo lina utaratibu wake: aliyeachiwa wavu wa mwenzake huanza na huo, ndipo aende kwa wake.

"Awino ni mimi," akasema. "Lakini sina meza. Mimi huuza chini, pale langoni mwa soko."

Gisiri alitabasamu akidhani anataniwa. Akaeleza kwamba kwao wachuuzi wenye ulemavu huuza nje ya soko kwa sababu ya ngazi. Walisikia Sindo wameweza, wakachangishana nauli ili mmoja wao aje kwa siku moja, aone kwa macho yake, kisha arudi, waiombe halmashauri yao iwafanyie vivyo hivyo. Akatoa barua waliyotumiwa na kamati ya soko la Sindo.

Awino aliisoma polepole. Ilisema meza namba moja, ile iliyojengewa njia ya mteremko, alipewa Awino, asiyeweza kupanda ngazi. Chini palikuwa na picha yake, amesimama kwenye mteremko huo huo akiwa amevaa gauni la samawati la Lynnet. Aliyetia sahihi ni Lynnet, katibu.

Siku ile aliikumbuka. Lynnet alimwazima gauni, akasema wapige picha ya ukumbusho. Kisha akamwambia kura imepigwa, namba moja imemwangukia yeye Lynnet, jina la Awino litatoka kwenye orodha inayofuata. Miaka miwili Awino aliuliza, na miaka miwili Lynnet alimwambia avumilie. Na ni Lynnet huyo huyo aliyemchotea maji kila jioni, wakala kuon, ugali wa sahani moja, na kucheka.

Walikwenda kuiona meza. Mteremko ulikuwa umejaa kreti tupu za Lynnet, zimepangwa hadi kiunoni. Gisiri alisimamisha magurudumu chini yake.

"Kwa hiyo hata hapa," akasema taratibu.

Awino aliona haya, kana kwamba yeye ndiye aliyemdanganya.

Ndipo upepo ukavuma kutoka upande wa kisiwa cha Mfangano, wa baridi, ukinuka mvua. Akina mama wakatimua mbio kila mmoja kwa wavu wake. Awino naye akarudi kwa haraka ya magongo, Gisiri nyuma yake. Wavu wa Awino ndio uliokuwa karibu. Omena ile ndiyo mali yake yote ya wiki, na ikilowa itabaki chakula cha kuku. Kila mtu alikuwa ameinamia wake. Hakuna ambaye angemwona.

Akasimama pumzi moja, ya pili.

"Shika gunia," akamwambia Gisiri. Gisiri akageuza kiti kuelekea wavu wa karibu. "Si huo. Ule wa mbele."

"Wa nani?"

"Wa Lynnet."

"Huyu wa barua?"

"Nilimwambia nitaanua."

Gisiri akasogeza kiti hadi kwenye wavu huo. Akalitanua gunia mapajani. Awino akatupa magongo, akapiga magoti, akakunja wavu kutoka pembeni na kumimina. Walipofunga gunia la pili, mvua ilikuwa inaichapa omena ya Awino, ikiizika mchangani.

Awino akaokota magongo, akatangulia sokoni, akazisukuma kreti moja baada ya nyingine kwa gongo hadi zikaporomoka kando. Gisiri akapanda mteremko na gunia mapajani, akashuka, akapanda na la pili. Wakayaweka juu ya meza namba moja.

Simu ikaita. Mabati yalikuwa yakivuma kwa mvua na sauti ya Lynnet ilikuja kwa mbali, ikiuliza kama ameanua.

"Omena yako ni kavu," Awino akasema. "Iko kwa meza yangu."